Kabla Hujachorwa, Uliza Wino Umetoka Wapi

Leo tunaandika juu ya tatuu, na tunajua kuna watu watatukasirikia, tukianza na wazazi wetu wenyewe. Wiki jana kwenye kikao chetu tulihesabiana. Tuko kumi na tisa, na saba kati yetu tumechorwa. Wawili walikuja nazo kutoka Kongo, mmoja alichorwa Nairobi, wanne walichorwa hapa hapa Kakuma. Tukawauliza hao wanne: chupa ya wino uliona? Iliandikwa nini? Hakuna hata mmoja aliyejua. Mmoja akacheka, akasema, "Kwani ukienda kwa kinyozi unamuuliza mafuta ya mashine?"

Tulicheka wote. Halafu tukaacha kucheka, juu mafuta ya mashine hayabaki mwilini miaka hamsini.

Kabla ya kufika kwenye wino, tuseme kwanza kwa nini watu wanachorwa, maana hapa ndipo wazee wetu wanapotuelewa vibaya. Mwenzetu mmoja ana jina la mama yake kwenye mkono wa kushoto. Mama alibaki upande wa Fizi, na hakubaki akiwa hai. Picha moja aliyokuwa nayo iliharibiwa na mvua njiani, ikawa karatasi nyeupe. Mwingine ana jina la kijiji ambacho ukikitafuta kwenye simu hukipati. Dada mmoja ana tarehe tu, siku na mwezi na mwaka, na hatujawahi kumuuliza ni tarehe ya nini. Sisi ni watu tuliopoteza karatasi nyingi. Cheti cha kuzaliwa kimepotea, cheti cha shule kimepotea, hata kadi ya chakula inapotea na unapanga foleni upya. Mtu akisema anataka kitu kimoja ambacho hakuna mtu atamnyang'anya barabarani, sisi tunamwelewa.

Na alama kwenye ngozi haikuletwa na vijana wa TikTok. Tembea hapa kambini asubuhi moja tu. Utaona wazee wa Kinuer wenye mistari sita kwenye paji la uso, waliyochanjwa walipokuwa vijana. Utaona mama wa Kihabeshi mwenye msalaba mdogo kwenye paji la uso. Bibi zetu wenyewe wana chale, nyingine za urembo, nyingine za dawa, wembe ukapita na unga mweusi ukasuguliwa ndani. Kwa hiyo tukiambiwa tatuu ni uhuni, tunajibu kwa heshima: hapana wazee wetu, tumerithi. Kilichobadilika ni kitu kinachoingizwa. Bibi alijua ule unga ulichomwa kutoka mti gani.

Sisi tunajua nini? Tuseme ukweli. Wale wa kwanza kati yetu walichorwa kwa sindano ya kushonea iliyofungwa kwenye kijiti. Rangi ilikuwa masizi ya kandambili iliyochomwa, ikachanganywa na shampuu. Wengine walitumia wino wa kalamu. Baadaye mashine zikaanza kuingia, na wino wa chupa ndogo ukaja nazo. Tukaona tumeendelea. Lakini chupa zenyewe nyingine hazina lebo, nyingine zina lebo ya maandishi tusiyoweza kusoma, na nyingine mchoraji anazijaza tena kutoka chupa kubwa anayoiweka nyumbani. Akiona wino umekuwa mzito anaongeza maji. Maji gani? Ya bomba, yale yale tunayoteka kwa madumu.

Huyu mwenzetu mwenye jina la mama yake, mkono wake ulivimba wiki ya tatu. Siyo siku ya pili au ya tatu kama kidonda cha kawaida. Ulikuwa umeshapona, akafurahi, halafu vikatokea vipele vyekundu, tena ndani ya herufi tu, nje ya herufi ngozi ni safi. Alienda zahanati moja. Mhudumu akamuuliza, "Kijana wangu, umewekewa nini hapa?" Akajibu, "Wino, mama." "Wino gani?" Akanyamaza. Akapewa dawa ya kuua vijidudu ya siku tano, haikusaidia, akarudi, akapewa nyingine. Ilichukua miezi kupona na herufi mbili zimeharibika. Jina la mama yake leo halisomeki vizuri. Hatutaki kumlaumu yule mhudumu, angefanyaje? Anatibu kitu ambacho hakuna anayejua kilitoka wapi.

Tulipoanza kusoma juu ya jambo hili tulikuta kisa kinachofanana sana na hiki, na kilitokea Marekani, siyo kambini. Mwishoni mwa mwaka 2011, katika mji wa Rochester, jimbo la New York, watu 19 walipata vipele kama hivyo baada ya kuchorwa na mchoraji mmoja. Wote walichorwa kwa wino wa kijivu. Waganga wakapima, wakakuta kijidudu kinachoitwa Mycobacterium chelonae, ndugu wa mbali wa kile cha kifua kikuu, ambacho hukaa sana kwenye maji na hakisikii dawa nyingi za kawaida. Wengi walitumia dawa kwa miezi. Sasa sikilizeni vizuri: kijidudu kilipatikana hata ndani ya chupa ambayo haijafunguliwa. Yaani wino uliharibika tangu kutengenezwa, kabla haujamfikia mchoraji. Unaweza kuvaa glavu, ukafungua sindano mpya mbele ya mteja, ukapangusa meza kwa spiriti, na bado ukamwingizia mtu ugonjwa.

Kule waligundua juu chupa zilikuwa na jina na namba. Walifuata namba mpaka kiwandani, wino ukaondolewa sokoni. Hapa kwetu mwenzetu alimeza dawa, basi. Hao wengine waliochorwa kwa chupa ile ile hatuwajui mpaka leo.

Hayo ni ya karibu. Ya mbali ndiyo yanayotupa mawazo zaidi, maana wengi wetu tuna miaka ishirini na kitu na tunategemea kuishi.

Watu hudhani wino unakaa pale ulipowekwa, kama rangi ya ukuta. Sivyo. Sindano inapita ngozi ya juu na kuuacha wino kwenye ngozi ya ndani. Mwili unauona kama adui. Unatuma askari wake, seli ambazo kazi yao ni kumeza uchafu. Zinaumeza wino lakini haziwezi kuusaga. Watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya mwaka 2018 kwamba seli hizo zikifa zinauachia wino, na seli mpya zinakuja kuumeza tena. Hivyo tatuu yako ni askari wanaopokezana zamu maisha yako yote, wameshika kitu wasichoweza kukimaliza.

Na mwingine hutoroka. Chembe ndogo zinasafiri mpaka kwenye tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kinenani tunaziita mitoki. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani na Ufaransa walichunguza kwa mionzi yenye nguvu miili ya watu waliokufa wakiwa na tatuu. Walikuta tezi zimepakwa rangi za tatuu, na chembe ndogo sana za titaniamu dioksaidi, ile nyeupe inayotiwa ili rangi nyingine zing'ae. Walikuta pia metali kama nikeli na kromiamu. Mtu alijichora mkono tu. Hakuna aliyemwambia kwamba anachora na ndani ya kwapa.

Je, inaleta kansa? Hili swali kila mtu analiuliza na kila mtu analijibu kwa nguvu, mchungaji kivyake, mchoraji kivyake. Sisi tumesoma hivi. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, kilitoa utafiti wa watu karibu 12,000. Wenye tatuu walionekana kuwa na hatari ya limfoma, yaani kansa ya hiyo mifumo ya limfu, kubwa kwa asilimia 21 kuliko wasio nazo. Asilimia 21 inatisha, lakini ugonjwa wenyewe ni wa nadra, na nyongeza ya kitu kidogo bado ni kidogo. Tena ingekuwa wino wenyewe ndio sababu, tungetegemea mwenye tatuu kubwa awe na hatari kubwa zaidi, na hilo halikuonekana. Watafiti wenyewe walisema haujathibitisha. Kwa hiyo yule anayesambaza kwenye WhatsApp kwamba "wanasayansi wamethibitisha tatuu ni kansa" anadanganya. Na yule mchoraji anayesema "hakuna shida, hata wazungu wanachora" naye anadanganya, juu wazungu wenyewe wameanza kuogopa wino wao.

Hapa ndipo sisi tulishangaa. Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni iliyoanza kutumika Januari 2022. Inawekea mipaka kemikali zaidi ya 4,000 kwenye wino wa tatuu: zinazojulikana kuleta kansa, zinazoharibu uzazi, zinazoleta mzio, metali nzito. Chupa lazima iandikwe vilivyomo na namba ya toleo lake. Rangi mbili, bluu moja na kijani moja, wachoraji walilia sana juu yake wakisema hawana mbadala. Wakapewa mwaka mmoja zaidi, na Januari 2023 nazo zikazuiwa. Hata wino mweusi, ambao wengi wetu tunadhani ndio salama, unaangaliwa. Ule mweusi mara nyingi ni masizi ya kiwandani, na masizi yasiposafishwa hubeba benzopirini, kitu kile kile kilichomo kwenye moshi wa sigara, ambacho shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limekiweka kundi la kwanza, la vitu vinavyoleta kansa kwa uhakika. Sasa turudi kwenye kandambili yetu iliyochomwa. Hatuhitaji maabara kukuambia kuna nini mle.

Marekani wao wako nyuma kidogo. Huko karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu ana tatuu, na bado mamlaka yao ya chakula na dawa inasema wazi kwamba haijaidhinisha rangi hata moja kwa ajili ya kudungwa ndani ya ngozi. Hata moja! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton walipima wino 54 zinazouzwa huko, na 45 kati yake zilikuwa na vitu tofauti na vilivyoandikwa kwenye lebo. Na hiyo ni nchi yenye maabara kila kona.

Basi jiulize chupa isiyo na lebo, iliyopita kwenye mikono mitano na basi la Kitale mpaka kufika hapa.

Kuna kitu kimoja kilichotuuma zaidi ya hivyo vyote. Mbuzi akichinjwa sokoni, mkaguzi anaiangalia nyama, akiridhika anaigonga muhuri. Wino wa ule muhuri unatakiwa uwe wa aina isiyodhuru mtu akiula. Kwa hiyo wino unaogongwa kwenye paja la mbuzi aliyekufa una mtu anayeufikiria. Wa kwetu tulio hai hatujawahi kuona aliyekuja kuuangalia.

Dada zetu walisema tusiwasahau, na wana haki, maana hadithi hii si ya wavulana peke yao. Piko. Ile nyeusi inayopakwa mikononi wakati wa harusi na Idd, na siku hizi hata sisi Wakongomani tumeijua kupitia majirani zetu Wasomali na Waswahili wa pwani. Hina yenyewe ni majani, haina ugomvi na mtu. Inataka ukae nayo saa nyingi na inatoa rangi ya machungwa mpaka kahawia. Haiwi nyeusi kama lami. Ukiona imekuwa nyeusi tititi ndani ya nusu saa, hapo kuna rangi ya nywele. Kemikali yake inaitwa PPD. Ulaya wanairuhusu kwenye rangi ya nywele isiyozidi asilimia 2, na kupaka kwenye ngozi hawaruhusu kabisa. Malengelenge yanaweza kutokea baada ya siku kadhaa, hata wiki mbili, na mtu hakumbuki tena kwamba ni ile piko. Kibaya zaidi ni kwamba mwili ukishaichukia unaichukia moja kwa moja. Miaka kumi baadaye unapaka rangi nywele zako na uso unavimba mpaka macho yanafunga. Tunaona watoto wa miaka mitano wanapakwa. Mama zetu, dada zetu, tafadhali. Mpakeni mtoto hina ya majani, atapendeza vile vile.

Sasa, tufanye nini? Kwenye kikao tuligombana hapa. Kuna waliosema bora viongozi wa bloku wapige marufuku, wanyang'anye mashine, iishe. Lakini hiyo tumeshaiona. Kuna bloku moja mchoraji alinyang'anywa mashine. Vijana wake walirudi kwenye sindano ya kushonea na masizi, usiku, kwa tochi ya simu, sindano moja watu wanne. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka, siku saba na zaidi. Marufuku iliwafanya wazee walale vizuri tu. Na aibu inafanya kazi ile ile. Mwenzetu mwenye mkono alikaa na kidonda siku kumi kabla ya kwenda kutibiwa, akiogopa baba yake mdogo ataona.

Wengine walisema, na hawa tuliwasikiliza sana: msaada wa chakula umepunguzwa, watu wanakula mara moja, na ninyi mnaandika juu ya wino? Ni kweli. Hatuna jibu zuri. Tunachojua ni kwamba watu hawaachi kuzika wala kukumbuka kwa sababu chakula kimepungua, na kidonda cha miezi mitatu kinakula pesa ya chakula pia.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Mchoraji atambulike, kama kinyozi na mwenye saluni wanavyotambulika, aonekane mchana. Apewe na zahanati lile sanduku la kutupia sindano zilizotumika. Wino usichovywe kutoka chupa kubwa. Umiminwe kidogo kwenye kikombe cha mteja mmoja, kinachobaki kimwagwe, hata kama roho inauma. Maji ya bomba yasiingie humo kabisa. Na awe na daftari: tarehe, jina la wino, namba iliyoandikwa kwenye chupa. Daftari la shilingi hamsini. Siku mtu akivimba, mhudumu akiuliza "wino gani?" kuna jibu, na wale wengine wa chupa hiyo watatafutwa.

Kwa zahanati tunaomba jambo moja kubwa: chanjo ya homa ya ini B kwa vijana. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2001. Kongo ilichelewa miaka kadhaa, na wengi wetu tulizaliwa porini au njiani, kadi hatuna, hatujui kama tulichanjwa. Ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu baada ya miezi sita. Tatuu inaweza kusubiri miezi sita. Jina la mama halitabadilika.

Na sisi wateja tujifunze kuuliza bila kuogopa kuonekana washamba. "Kaka, nionyeshe chupa." Akikasirika, ondoka. Wenzetu wenye ngozi inayoacha makovu ya kuvimba, yale yanayokua kuliko kidonda chenyewe, fikirieni mara mbili, maana hata wino safi hautawasaidia. Kama una tatuu tayari na haina shida, usihangaike nayo. Usijaribu kuifuta kwa asidi ya betri wala kwa pasi, tumeona mtu mmoja aliyefanya hivyo na hatutaki kumwona wa pili. Uvimbe usioisha kwapani au kinenani, mwonyeshe daktari na umwambie una tatuu, usiifiche kwa mkono mrefu wa shati.

Tumeanza kukusanya picha za chupa zinazotumika hapa, Kakuma Moja mpaka Nne na Kalobeyei. Hatutaji wachoraji, tunataka lebo tu. Mpaka leo tumepata tano. Mbili hazina namba yoyote, moja tarehe yake imepita tangu 2021, mbili zimeandikwa vizuri. Mwenye chupa nyumbani apige picha pande zote, na chini pia, kule namba ndogo zinakokaa, atutumie inbox. Kama unachora na unasoma hapa, karibu Jumamosi saa tisa, pale tunapokutana siku zote. Mkono ule wenye jina la mama utakuwepo, mwenyewe amekubali watu wauone.